Shimo Lililogeuka Msitu: Somo kutoka Machimbo ya Bamburi

Wengi wetu tunakula mkate wetu mahali ambapo ardhi inaliwa. Aliye kwenye kiwanda cha simenti anaona kilima kikipungua mwaka hadi mwaka. Aliye kwenye chai anajua magogo mangapi huingia katika tanuri la kukaushia majani kwa siku moja. Aliye kwenye matofali na mchanga anajua mashimo yanayoachwa wazi kinamasini, yakajaa maji na mbu. Mara nyingi tunasema: hayo si yetu, ardhi ni ya mwenye kampuni, sisi tumeleta mikono tu. Lakini tukumbuke jambo moja. Mawe yakiisha, mwenye kampuni huhamisha mashine zake. Mfanyakazi na watoto wake hubaki kando ya shimo.

Katika somo hili tutawatazama wenzetu wa nchi jirani ya Kenya, upande wa pwani. Swali letu ni hili: Je, kuirudishia ardhi uhai wake kunaweza kuwa kazi yenye mshahara na faida, au ni sadaka tu ya tajiri anayetaka kusifiwa? Tutaona kwamba kunaweza kuwa kazi ya kweli, lakini kwa masharti. Masharti hayo ndiyo kiini cha somo.

1. SHIMO LILITOKA WAPI

Kiwanda cha simenti cha Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa, kilianza kutoa simenti mwaka 1954. Simenti hutaka mawe ya chokaa. Pwani ile mawe hayo ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa na viumbe wa baharini zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Wachimbaji waliondoa miti, wakaondoa udongo wa juu, kisha wakavunja mawe na kuyapeleka kiwandani.

Kufikia mwaka 1971 yalikuwa yamebaki machimbo makubwa yaliyo matupu. Sakafu yake ilikuwa mwamba mweupe, haina udongo hata kiganja kimoja. Mchana jua lilipiga juu ya mwamba ule mpaka macho yakauma. Chini kidogo tu ya sakafu kulikuwa na maji, nayo yalikuwa na chumvi. Hapakuwa na ndege wala kivuli. Mkulima yeyote angeapa kwamba pale hapaoti kitu.

Kampuni ilikuwa na mtaalamu wa kilimo, Mswisi aitwaye René Haller, aliyekuwa akiangalia bustani zake tangu mwaka 1959. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kujaribu kuyafufua machimbo hayo. Hakuwa peke yake. Mashimo ya kupandia yalitobolewa katika mwamba na vibarua, miche ikabebwa na vibarua, na maji yakatiwa na vibarua. Mara nyingi vitabu hutaja jina moja. Sisi tukisoma habari hizi tukumbuke na mikono mingine.

2. MITI 26, IKABAKI 3

Haller hakuanza kwa kupanda msitu mzima. Alianza kwa kujaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi michache zilikuwa zimebaki aina tatu tu: mnazi, mti mmoja uitwao damas, na mvinje. Nyingine zote zilikufa.

Hapa kuna funzo la kwanza. Mtu mwenye haraka angenunua miche elfu kumi ya mti mmoja kwa sababu ameusikia ukisifiwa, akaipanda yote siku moja, na miezi sita baadaye angekuwa amezika fedha yake mwambani. Jaribio dogo ni gharama, lakini ni gharama inayookoa gharama kubwa.

Mvinje ndio uliofanya vizuri kupita yote. Watu wa pwani wanaujua. Ni mti mrefu mwembamba wenye majani kama sindano, unaostahimili chumvi na upepo wa bahari. Nguvu yake imo mizizini. Humo hukaa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukamata naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti. Naitrojeni ndiyo ile mbolea tunayoinunua katika magunia kwa ajili ya chai na miwa. Mvinje hujitengenezea wenyewe. Kwa hiyo unaweza kuishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa, na hukua upesi sana.

3. JONGOO, FUNDI WA UDONGO

Miti ikakua, lakini ikazuka shida mpya. Majani yale ya sindano yalianguka na kujilundika chini bila kuoza. Yana dawa kali ndani yake ambayo vijidudu vya kuozesha haviipendi. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna udongo. Msitu ungebaki kuwa miti iliyosimama juu ya zulia kavu.

Dawa ya shida hiyo haikutoka dukani. Haller alimwona jongoo mmoja mkubwa mwenye miguu myekundu akitafuna majani makavu ya mvinje. Jongoo wa aina hiyo ni wengi pwani, na hakuna aliyewathamini. Wakakusanywa kwa mamia na kuachiwa katika machimbo. Jongoo hula majani makavu, na kinyesi chake huwa chakula cha vijidudu vya kuozesha. Hapo ndipo mboji ikaanza kujengeka. Mwaka baada ya mwaka ikawa tabaka la udongo. Udongo ulipopatikana, miti mingine ya asili ya pwani ikaweza kupandwa chini ya kivuli cha mivinje. Ndege wakaja na mbegu, tumbili wakaja kufuata matunda.

Funzo la pili: kabla ya kununua dawa ya shida yako, tazama kwanza kama mahali pale pale hapana kiumbe anayeifanya kazi hiyo bure. Nyuki huchavusha maua, bundi hula panya wa ghalani, kinamasi huchuja maji machafu. Nyuki wakifa na kinamasi kikifukiwa, kazi zao zitabidi zilipiwe fedha, kama zitawezekana kufanywa.

4. BIASHARA JUU YA BIASHARA

Sasa tufike kwenye faida, maana msitu peke yake haulipi mshahara mwisho wa mwezi. Pale Bamburi kazi hii iliwekwa chini ya kampuni ndogo iliyoitwa Baobab Farm, na ilitakiwa iuze vitu.

Mivinje ilipokuwa mikubwa mno na kusongamana, ilipunguzwa, na nguzo na kuni zikauzwa. Palichimbwa mabwawa na kufugwa samaki aina ya perege, ambao sisi Uganda tunawaita ngege. Maji yaliyotoka kwenye samaki yalikuwa na mbolea ndani yake, nayo yakapelekwa kustawisha mazao badala ya kumwagwa. Samaki wasiofaa kuuzwa wakawa chakula cha mamba. Mamba nao walifugwa kwa ajili ya ngozi. Pofu na choroa, wanyama wanaostahimili ukame kuliko ng'ombe, walifugwa pia. Mwaka 1984 njia ya miguu ndani ya msitu ilifunguliwa kwa watu wote, na wageni wakaanza kulipa kiingilio. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa heshima ya Global 500 na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Baadaye mahali pale pakaitwa Haller Park kwa jina lake.

Huenda mmesikia habari za Owen, kiboko mdogo aliyepotezwa na mama yake wakati wa mawimbi makubwa ya tsunami ya Desemba 2004. Alipelekwa hapo Haller Park, akajiegemeza kwa kobe mzee sana aliyeitwa Mzee, wakawa hawaachani. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Kobe na kiboko walikaa salama mahali ambapo miaka 33 kabla yake palikuwa mwamba mtupu.

Funzo la tatu ndilo kubwa kwa mtu wa biashara. Taka ya kazi moja iliingia kuwa mali ya kazi nyingine. Maji machafu ya samaki yakawa mbolea, samaki wabovu wakawa chakula cha mamba, majani makavu yakawa udongo. Tena mapato hayakutegemea kitu kimoja. Bei ya nguzo ikishuka, samaki wapo. Wageni wakipungua, nguzo zipo.

5. TUPIGE HESABU

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano mdogo wa hesabu, wa kujifunzia tu. Tarakimu hizi si za Bamburi.

Tuseme kikundi kinapanda miti ya nguzo katika shimo la zamani. Mwaka wa kwanza kinatumia shilingi 100 kwa miche, kuchimba na kupanda. Mwaka wa pili, wa tatu na wa nne kinatumia shilingi 20 kila mwaka kwa kupalilia na kulinda. Jumla ya matumizi ni shilingi 160. Mwaka wa tano kinauza nguzo kwa shilingi 250. Kinabaki na shilingi 90.

Mtu akilitazama daftari la mwaka wa kwanza atasema: hasara ya 100, tuache. Akitazama miaka yote mitano ataona faida. Lakini ulizeni swali ambalo wengi huliruka: kwa miaka minne bila mapato, ni nani aliyebeba mzigo? Pale Bamburi ni kiwanda, kilichokuwa na fedha ya simenti. Kikundi cha wafanyakazi hakina simenti ya kuuza. Kikikopa benki kwa riba kubwa, zile shilingi 90 huliwa na riba.

Kwa hiyo kikundi cha watu wa kipato kidogo lazima kiwe na kitu kinacholeta fedha mapema huku miti ikikua: kitalu cha kuuza miche kwa majirani, mizinga ya nyuki, mboga au maharage kati ya mistari ya miti kabla kivuli hakijafunga. Na kianze na eneo dogo linaloweza kubebwa na akiba ya chama chao cha akiba na mikopo. Na katika hesabu, jasho la wanachama liandikwe kama gharama. Biashara inayoonyesha faida kwa sababu watu wamefanya kazi bure si biashara yenye faida, ni watu wanaojinyonya wenyewe.

6. GAZI: WENYE MALI NI WANAKIJIJI

Tuondoke Mombasa tuelekee kusini, mpaka ghuba ya Gazi katika Kwale. Huko hakuna kampuni inayomiliki kazi, na ndiyo sababu tunaitazama.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda, vikiwamo vya chokaa na matofali. Pakabaki matope matupu. Hasara haikuwa ya miti tu. Samaki wengi hukulia katika mizizi ya mikoko, na mikoko huzuia bahari isile pwani. Watafiti wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na samaki wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mpango uitwao Mikoko Pamoja, katika hekta 117. Biashara yao ni hii. Mikoko huvuta hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani, na huificha katika shina na hasa katika matope kwa miaka mingi. Hewa hiyo hupimwa, hukaguliwa na watu wa nje, kisha vyeti vyake huuzwa kwa makampuni na watu wa nchi nyingine wanaotaka kulipia moshi wao. Fedha hulipia ulinzi na upandaji wa mikoko, na nyingine huingia katika mfuko wa vijiji. Imeleta maji ya bomba na imesaidia shule. Matumizi huamuliwa katika mikutano ya wanakijiji. Na ili watu wasirudi kukata mikoko kwa kukosa kuni na nguzo, wakapanda ule ule mti tuliouona Bamburi, mvinje. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliwapa tuzo ya Equator.

Linganisheni sasa. Bamburi mtaji ulikuwa mkubwa na kazi ikaenda upesi, lakini uamuzi ulikuwa wa kampuni. Gazi fedha ni kidogo kwa kila kaya, lakini uamuzi ni wa wenyeji.

7. YASIYOPENDEZA

Mwalimu mwema hafichi kasoro. Ziko nne.

Kwanza, machimbo yaliyofufuliwa si sawa na msitu wa kale uliokatwa. Udongo wa miaka 50 haulingani na wa miaka elfu. Kwa hiyo mtu asitumie habari za Bamburi kama ruhusa ya kuchimba popote kwa kuwa eti patapandwa baadaye.

Pili, tanuri la simenti bado linatoa moshi na hewa ya ukaa. Bustani nzuri mbele ya kiwanda isitufanye tusiulize juu ya vumbi ndani ya kiwanda na vifua vya wanaolivuta.

Tatu, mapato ya wageni na ya vyeti yanategemea watu wa mbali. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga safari, kila aliyetegemea kiingilio cha watalii alionja njaa. Bei ya vyeti vya hewa nayo hupanda na kushuka bila kumwuliza mwanakijiji.

Nne, wenye mali hubadilika. Kiwanda chetu cha Hima, katika wilaya ya Kasese, kilikuwa chini ya Bamburi tangu mwaka 1999 mpaka kilipouzwa mwaka 2024. Mwisho wa mwaka huo huo Bamburi yenyewe ikanunuliwa na Amsons, kampuni ya Tanzania. Mnunuzi anaweza kuwa mwema kuliko muuzaji, au kinyume chake. Lakini ahadi ya mdomo ya bwana wa kwanza haimfungi bwana wa pili. Makampuni huuzwa, shimo halihami.

8. CHAMA KIFANYE NINI

Kazi ya kufufua ardhi ni kazi kama nyingine. Inataka watu wa kitalu, wapandaji, wapaliliaji, walinzi, wapimaji. Mara nyingi hupewa vibarua wa siku, bila kandarasi, bila viatu vya kazi, bila likizo, kwa sababu inaitwa "kupanda maua tu". Hapo ndipo chama kinapoingia.

(a) Wajumbe waombe kuona mpango wa kampuni wa ardhi itakayoachwa. Miradi mikubwa ya machimbo hutakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira kabla ya kuanza. Na Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurudisha mahali palipoharibiwa. Mjumbe anayejua hivyo hazungumzi kama mwombaji.

(b) Katika majadiliano ya mkataba wa pamoja, kazi ya kufufua ardhi itajwe kwa maandishi: daraja lake, mshahara wake, vifaa vyake. Na iandikwe kwamba wachimbaji ambao kazi yao inapungua wafundishwe kazi hii kwanza kabla ya kuajiri wengine.

(c) Udongo wa juu usitupwe. Kabla ya kuchimba uwekwe kando na kuhifadhiwa. Bamburi walihitaji miaka mingi na maelfu ya jongoo kutengeneza udongo upya. Anayeendesha mashine ya kusukuma udongo ndiye wa kwanza kuona unapotupwa, na ndiye anayepaswa kumwambia mjumbe wake.

(d) Kwenye mashamba ya chai, chama kiulize kuni za tanuri zitatoka wapi baada ya miaka 10. Mikaratusi inayofaa kwa kuni isipandwe kinamasini wala kwenye chemchemi, maana hunywa maji mengi. Kando ya mito ipandwe miti ya asili.

(e) Wanachama wanaotaka kuanza biashara yao wenyewe waanze na jaribio dogo, wawe na daftari wazi, na wawe na vitu viwili au vitatu vya kuuza.

Ndugu wafanyakazi, wanaosimama leo chini ya mivinje ya Bamburi wamesimama juu ya udongo ambao mwaka 1971 haukuwapo. Ulitengenezwa na jua, mti, jongoo na watu waliolipwa kupanda. Sehemu ya jua, mti na jongoo haina ubishi. Sehemu ya watu na malipo yao ndiyo yetu kuisimamia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mahali mnapofanya kazi, ni ardhi gani imeharibika tangu mlipoanza kazi? Ni nani anayeumia kwayo?

2. Ni taka gani inatupwa kazini kwenu ambayo ingeweza kuwa mali ya kazi nyingine?

3. Katika mfano wetu wa hesabu, kikundi chenu kingebeba vipi miaka minne ya kwanza?

4. Kipi kingefaa kwenu zaidi, njia ya Bamburi au njia ya Gazi? Toeni sababu.

5. Kampuni yenu ikiuzwa mwaka ujao, ni ahadi gani juu ya ardhi na kazi zimeandikwa, na zipi ni za mdomo tu?